Sura ya Sita: Daktari wa Akili za Watoto Katika Mji wa Mashimo

Mwaka 1937 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzisha mji wa Kolwezi uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Mwaka huohuo, mjini Paris, madaktari kutoka nchi mbalimbali walifanya mkutano wa kwanza wa kimataifa wa saikiatria ya watoto, chini ya uongozi wa Mfaransa Georges Heuyer. Mji wa shaba na taaluma ya akili za watoto ni marika, lakini kila kimoja kilishika njia yake. Mji ulichimba, ukapanuka, ukafilisika, ukafufuliwa na kobalti. Taaluma ilijenga kliniki na viti vya uprofesa katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, kisha pole pole sana ikaanza kuota mizizi Afrika. Sura hii inahusu mahali ambapo njia hizo mbili zinapaswa kukutana, na mtu ambaye kazi yake ni kuzikutanisha.

Mtu huyo ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili ya watoto na vijana, tena mwalimu wa chuo kikuu. Wengi wetu tukisikia cheo hicho tunafikiria chumba chenye kiti kirefu na mgonjwa anayesimulia ndoto. Kazi yenyewe ni ya jasho zaidi. Asubuhi anatibu, mchana anafundisha madaktari wanafunzi, na usiku anaandika alichogundua ili daktari wa mji mwingine akitumie. Kutibu ndiko watu wanakokuona na kukushukuru. Lakini nadhani kwa mji kama Kolwezi utafiti ndio wenye uzito mkubwa kuliko yote, na sababu yake itaonekana mbele.

Tuanze na chumba cha daktari hata hivyo. Tuseme mama wa Kapata, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi, amemleta mwanawe wa miaka tisa. Anaketi, anamvuta mtoto karibu, anasema: "Dokta, huyu kichwa chake hakishiki kitu. Mwalimu ananiita kila wiki." Daktari wa haraka angeandika dawa ya malaria na kuita anayefuata. Huyu anauliza taratibu. "Mama, alizaliwa vipi? Alilia mara moja?" Je, aliwahi kushikwa na malaria ikampanda kichwani akapoteza fahamu? Ana kifafa? Anasikia vizuri masikio yote mawili? Alianza kusema lini, na dada yake alianza lini? Asubuhi anakula nini kabla ya shule, kama anakula? Baba anafanya kazi gani, na akirudi nguo zake zinafuliwa katika beseni lipi? Magunia ya mawe yanawekwa wapi usiku, barazani au chumba wanacholala watoto? Je, mtoto naye huenda kuosha mawe mtoni siku za shule? Na mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, mtoto akiwa ametolewa nje kwenda kucheza: kuna mtu yeyote katika ukoo au kanisani aliyesema kwamba mtoto huyu ni mchawi?

Swali hilo la mwisho si la udadisi. Katika miji ya Kongo watoto wenye kifafa, wanaokojoa kitandani, wasiotulia au wanaosema peke yao ni miongoni mwa wale wanaosingiziwa uchawi kwa urahisi zaidi. Wanafungiwa, wananyimwa chakula kwa jina la maombi, wanafukuzwa nyumbani. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kwa kifungo mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Sheria ni nzuri. Lakini mama aliyeambiwa na mchungaji kwamba mwanawe ana pepo anahitaji mtu wa kumweleza mtoto ana nini hasa, kwa Kiswahili cha nyumbani kwake, bila kumdharau mchungaji wala kumwaibisha yeye mama. Kifafa kina dawa, na mojawapo ya dawa zake za zamani, fenobabito, ni ya bei nafuu. Mtoto mmoja akiacha kuanguka, mtaa mzima unapata somo ambalo hotuba kumi haziwezi kulitoa.

Kisha kuna historia, ambayo daktari wa Kolwezi hana budi kuijua kama anavyojua vipimo vya dawa. Union Minière ilimtazama mtoto wa mfanyakazi kama mfanyakazi wa kesho. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 iliacha kuwachukua vijana kwa mikataba mifupi na kuanza kuweka familia katika kambi zake, pamoja na zahanati za mama na mtoto, mizani ya kupimia watoto na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa wasimamizi wakuu wa siasa hiyo. Ulikuwa ulezi wenye amri nyingi, wa kibaguzi, na hesabu yake ilikuwa faida. Hata hivyo mtoto alipimwa uzito na alikula. Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi migodi mwaka 1967, iliendeleza hospitali na shule hizo, na mwaka 1986 ilizalisha shaba tani zipatazo 476,000. Baadaye ikaanguka. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, mishahara ikakatika, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kazini kwa malipo ya mkupuo katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Baba aliyekuwa na namba ya kazi, king'ora cha zamu na mfuko wa unga kila mwezi akabaki ameketi barazani. Mwanawe akashika sururu.

Juu ya hayo weka vita. Mei 1978 waasi wa Katanga wa kundi la FNLC waliingia Kolwezi wakitokea Angola, askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashuka, na raia kwa mamia wakauawa, Waafrika na Wazungu. Mwaka 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, nyingi zikasubiri treni kwa wiki na miezi katika stesheni, na watoto wakafia palepale. Mtoto wa miaka minane mwaka 1978 leo ni babu au bibi, na huenda ndiye anayemlea mjukuu aliye mbele ya daktari. Woga haurithiwi kama rangi ya macho. Lakini mlezi asiyelala usiku, anayeshtuka kwa kila mlipuko wa mgodini na kupiga mtoto kabla ya kuuliza, anamlea mtoto ndani ya woga ule.

Sasa tuje kwenye udongo wenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa nyingi kuliko ilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote duniani. Miongoni mwa watoto wanaoishi karibu na migodi na viwanda, 87 katika kila 100 walizidi kiwango kinachotumika kuwakagua wafanyakazi wa viwandani. Risasi, kadimi na urani nazo zilikuwa juu. Mwaka 2018 kundi hilohilo lilitoa matokeo ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao tangu mwaka 2014, baada ya madini kugunduliwa chini ya nyumba, wakazi waliuchimba sebuleni na uani. Walipima watu 72, wakiwemo watoto 32, na kuwalinganisha na wakazi wa mtaa jirani. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto, na katika chembe zao kulikuwa na dalili za kuharibika kwa vinasaba.

Kazi hiyo ni ya heshima kubwa. Ilipima kilichomo katika damu na mkojo. Swali linalofuata ni la daktari wa akili za watoto: mtoto mwenye mkojo ule anasomaje? Anakumbukaje? Anavumiliaje kuketi darasani saa nne, na anagombana mara ngapi na wenzake? Hapo ndipo inafaa tusafiri hadi Marekani, kwa sababu kuna mtu aliyelibeba swali hilo maisha yake yote.

Herbert Needleman alizaliwa Philadelphia mwaka 1927. Akiwa mwanafunzi alifanya kibarua katika kiwanda cha DuPont huko New Jersey, kiwanda kilichokuwa kimetengeneza risasi ya kuchanganya na petroli, na akawaona wazee wa kazi waliokuwa wameharibiwa akili na sumu ile. Alisomea udaktari wa watoto. Katika miaka ya 1950 alimtibu msichana wa miaka mitatu aliyeletwa hospitalini akiwa mahututi kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye rangi ya kuta za nyumba. Mtoto alipona. Daktari akamwambia mama ahame nyumba ile. Mama akamuuliza ahamie wapi, kwani kila nyumba aliyoweza kuilipia ilikuwa na rangi ileile. Needleman alisimulia kisa hicho hadi uzeeni, na namwelewa: mama yule alikuwa amemfundisha kwamba ugonjwa wa mtoto ulikuwa kwenye ukuta na kwenye kodi ya nyumba, kabla haujafika kwenye damu.

Akaenda kusomea saikiatria. Akifanya kazi katika mtaa maskini wa Philadelphia, akawatazama watoto wa shule waliokuwa wakicheza karibu na ofisi yake, akajiuliza ni wangapi kati yao walikuwa wameshaguswa na risasi kidogo kidogo, bila kuanguka, bila kulazwa, wakaishia kuitwa wazito wa kuelewa. Tatizo lilikuwa kipimo. Damu huonyesha risasi ya wiki chache zilizopita. Mfupa huhifadhi ya miaka, lakini hakuna mzazi atakayekubali mwanawe akatwe kipande cha mfupa kwa ajili ya utafiti. Needleman akakumbuka kwamba kila mtoto hutoa vipande vya mfano wa mfupa bure: meno ya utotoni, yanayong'oka yenyewe mtoto akiwa na miaka sita au saba.

Katika miji ya Chelsea na Somerville, jimbo la Massachusetts, timu yake iliomba watoto wa darasa la kwanza na la pili walete meno yao. Meno yalikatwa, dentini ikapimwa risasi. Walimu, wasiojua jino lipi lina nini, walijaza karatasi fupi kuhusu watoto zaidi ya 2,000: anamaliza kazi aliyoianza? Anafuata maelekezo? Anaota ndoto za mchana? Kisha watoto 58 wenye risasi nyingi walilinganishwa na 100 wenye kidogo, kwa majaribio marefu ya akili, lugha na usikivu. Matokeo yalitoka mwaka 1979. Watoto wenye risasi nyingi walipata alama za chini, na kila risasi ilivyopanda katika dentini ndivyo walimu walivyozidi kulalamika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameonekana mgonjwa. Mwaka 1990 Needleman akachapisha habari za waliopatikana baada ya miaka kumi na moja. Waliokuwa na risasi nyingi walikuwa na uwezekano wa karibu mara saba zaidi wa kuacha shule ya sekondari.

Viwanda havikukaa kimya. Mwaka 1991 wanasaikolojia wawili walimshtaki kwa udanganyifu wa kisayansi. Wote wawili walikuwa wameandaliwa kuwa mashahidi wa upande wa makampuni katika kesi ya masalia ya mgodi huko Midvale, Utah, kesi ambayo Needleman alikuwa upande wa serikali. Angeweza kukubali uchunguzi wa siri katika chuo chake, Pittsburgh. Alidai kikao cha wazi, na mwaka 1992 akakaa mbele ya watu akajibu. Uchunguzi haukumkuta na udanganyifu. Kufikia wakati huo risasi ilikuwa ikitoweka kwenye petroli ya nchi yake, na kiwango cha risasi katika damu ya watoto wa Marekani kilikuwa kimeshuka sana. Alifariki mwaka 2017. Sijui daktari wa akili aliyewatibu watoto wengi kuliko yeye, ingawa wengi wa watoto hao hawakuwahi kuingia katika chumba chake.

Nimekaa na Needleman kwa sababu ng'ambo ya mpaka, kwenye reli ileile iliyofika Katanga mwaka 1910, uko mji wa Kabwe, Zambia. Mgodi wake wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, na hadi leo watoto wake hupatikana na risasi nyingi mno katika damu, kwa sababu vumbi halikufungwa pamoja na mgodi. Kolwezi ni mji wa shaba na kobalti, na madhara ya kobalti kwa ubongo wa mtoto ni swali tofauti na la risasi. Haifai kuazima jibu la sumu moja ukalibandika kwa nyingine. Kinachoazimwa ni njia: jino, mwalimu, kulinganisha kwa haki, na kurudi baada ya miaka.

Na njia hiyo Wakongo wameshaipita. Espérance Kashala-Abotnes, mtafiti kutoka Kongo aliyefanya kazi na Chuo Kikuu cha Bergen nchini Norway, alichapisha mwaka 2005 utafiti wa watoto wa shule 1,187 wa Kinshasa, wenye umri wa miaka saba hadi tisa. Walimu walijaza dodoso, na watoto wapatao 6 katika kila 100 walionekana na dalili za tatizo la kutotulia na kutozingatia. Idadi hiyo inakaribiana na ya nchi nyingine nyingi. Kwa hiyo lile dai kwamba magonjwa haya ni ya Wazungu halina pa kusimama. Katika eneo la Kahemba nako, daktari wa mishipa ya fahamu Désiré Tshala-Katumbay na mwanasaikolojia Michael Boivin waliwachunguza watoto wenye konzo, ugonjwa unaopooza miguu kutokana na muhogo usiolowekwa vya kutosha. Mwaka 2013 walionyesha kwamba hata watoto wa kaya hizo ambao miguu yao ilikuwa mizima walikuwa nyuma katika majaribio ya akili wakilinganishwa na watoto wa eneo lisilo na konzo. Anayetembea sawasawa anaweza kuwa ameumia pasipoonekana. Somo hilo limetoka Kongo yenyewe, na daktari wa Kolwezi angelitumia kesho asubuhi.

Sasa mtu huyu anapatikanaje? Kijana wa Kolwezi anayetaka kazi hii anaanza na udaktari wa kawaida, pengine Lubumbashi, kilomita kama 300 kwa barabara. Akitaka ubingwa wa magonjwa ya akili, njia iliyozoeleka ni Kinshasa, katika CNPP, kituo cha magonjwa ya akili cha Mont-Amba kilicho chini ya chuo kikuu. Huko hakufikiki kwa basi. Ni ndege, na tiketi yake ni mshahara wa miezi. Ubingwa wa watoto ni hatua ya juu ya hapo, na mara nyingi ni nje ya nchi. Afrika ina mlango wake: huko Ibadan, Nigeria, Profesa Olayinka Omigbodun, ambaye mwaka 2010 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza chama cha kimataifa kilichotokana na ule mkutano wa Paris, alianzisha kituo kinachofundisha shahada ya uzamili ya afya ya akili ya watoto na vijana kwa wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika. Mbarara, Uganda, nako wanafundisha ubingwa huo. Lugha ya masomo ni Kiingereza, na kijana wetu amesoma kwa Kifaransa. Hilo si dogo, lakini mtu aliyekulia Kolwezi ameshazoea kubadili lugha mara tatu kabla ya saa sita mchana.

Wakati anasoma, wengine wanashika zamu. Mwaka 2012 mtawa Mkenya, Sista Catherine Mutindi wa shirika la Mchungaji Mwema, alifika Kolwezi na kuanzisha kazi ya Bon Pasteur katika mitaa ya wachimbaji wadogo. UNICEF ilikadiria miaka hiyo kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Katanga. Bon Pasteur iliwapa watoto mahali pa kujifunza kusoma, chakula cha mchana na watu wazima wasiowapiga, na mama zao wakafundishwa kazi nyingine zenye kipato. Mwaka 2019 Sista Mutindi alipewa tuzo ya Opus. Ukiisoma orodha hiyo kwa macho ya daktari wa akili, chakula, darasa, mtu mzima anayeaminika na mama mwenye pesa yake mkononi, utaona ni sehemu kubwa ya tiba ambayo yeye mwenyewe angeiandika. Lakini nani atakayewatambua wale ambao hata baada ya chakula na darasa hawasongi mbele, wenye kifafa cha kimya, usonji, kiwewe cha kuona shimo likimfunika kaka? Ndugu wa Mapendo wana kituo cha magonjwa ya akili Lubumbashi. Kwa mama wa Kapata, nauli ya kwenda na kurudi na mtoto ni unga wa wiki kadhaa.

Ndiyo maana natamani daktari huyu awe na ofisi Kolwezi, na awe na kiti katika chuo kikuu. Akiwa mtabibu tu, atazidiwa na foleni, na makampuni yataendelea kusema kwamba hakuna ushahidi. Akiwa mtafiti pia, foleni yenyewe inageuka kuwa hoja. Lubumbashi na Leuven wameshajenga uwezo wa kupima madini mwilini. Walimu wa darasa la kwanza wapo, na wanawajua watoto wao kuliko mtaalamu yeyote wa kuja na kuondoka. Dodoso lazima liandikwe kwa Kiswahili cha Katanga kinachosemwa uani, kisha lijaribiwe kwa akina mama wa Musonoi, kando ya mgodi, na wa mtaa ulio mbali nao. Makubaliano ya kuchapisha matokeo, yawe mazuri au mabaya kwa mgharimiaji, yasainiwe kabla jino la kwanza halijakatwa. Na kila mtoto aandikwe majina yake yote, jina la mama na la shule, kwa mwandiko unaosomeka, ili mwaka wa kumi na moja aweze kutafutwa tena, awe bado yuko Kapata au familia imehamia Likasi.